Mshairi, Umewahi Kusia Mbegu?

Ndugu zangu waandishi chipukizi, leo sikuja kuwabembeleza. Nimesoma mashairi yenu. Nimeyasoma kwenye madaftari mnayoniletea mkisema, "Kaka, hebu nipitishie jicho." Nimeyasoma kwenye simu, nimeyasikia yakighaniwa kwenye sherehe za shule na kwenye vikundi vya sanaa, kuanzia Kilwa Masoko na Lindi mjini mpaka Dar. Daftari moja la juzi lilinishinda, nikaamua kuhesabu. Kurasa 40: mawaridi 31, tulipu 4, theluji 2. Theluji, jamani, kwa kijana wa Nangurukuru! Mpenzi ni waridi, nchi ni waridi, mama mzazi ni waridi, hata timu ya mpira ni waridi. Nikamwuliza mwenye daftari: mdogo wangu, hilo waridi lako linachanua mwezi gani hapa kwetu? Linanukia asubuhi au jioni? Nani kalimwagilia? Akanitazama kama mtu aliyekutwa mlangoni akidaiwa kodi ya miezi sita.

Ugomvi wangu nanyi unaanzia hapo. Nasema waziwazi, na wa kukasirika akasirike: mtu ambaye hajawahi kusia mbegu ya ua, akaingoja, akaiona ikipasua udongo, hana haki ya kuweka ua kwenye shairi. Anaazima tu. Ni kama anayenunua kadi ya sikukuu iliyokwisha kuchapwa maneno, yeye kazi yake kujaza jina.

Dawa ninayo, na ni chungu kidogo. Kila kijana anayejiita mwandishi kwenye pwani hii ya kusini aoteshe nyumbani kwake maua ya kudumu, kwa mbegu, kwa mkono wake mwenyewe. Kwa maua ya kudumu nina maana ya yale yasiyokufa msimu ukiisha. Mchicha unausia, unauchuma, basi umekwisha. Ua la kudumu ukishalitoa kwenye mbegu linakaa nawe miaka, linakuzoea nawe unalizoea, mnajuana. Mnaosema hii ni anasa ya wake za wakubwa, subirini, zamu yenu inakuja.

Wa kwanza kuniruka najua atasema nini: "Waridi ni jadi yetu, washairi wa zamani walilisifu." Sawa kabisa. Sasa tuangalie hao wazee walifanyaje. Walipotaja asumini, asumini ilikuwa uani. Ilichumwa jioni vitumba vikiwa bado vimefumba, ikatungwa, usiku ikafunguka kichwani mwa mtu. Walipotaja kikuba, kilikuwa kifuani mwa mwanamke aliyepita mbele ya baraza, mrehani na asumini na kilua vimefungwa pamoja, harufu ikabaki njiani mwenyewe akiwa ameshakata kona. Mshairi yule hakutunga harufu, alitoa ushahidi. Ninyi mmeokota neno lake mkaiacha pua yake.

Hebu tulichukue hilo kilua. Nimewauliza vijana wa Masoko kilua ni nini. Wengine walidhani nimekosea kutamka Kilwa. Kumbe ni ua la mti mdogo, mkilua, wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, lenye harufu ambayo ukishainusa huisahau. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Mwingereza, Bernard Verdcourt, alipoandika maelezo ya kisayansi ya mti huo, aliupa jenasi yake peke yake, na jina la jenasi akalichukua kwetu: Mkilua fragrans. Asumini ni neno lenye asili ya Uajemi, waridi na mrehani yametoka Uarabuni, na hakuna ubaya. Lugha ya pwani haijawahi kuogopa wageni. Lakini neno la hapahapa limekwenda kukaa kwenye vitabu vya sayansi vya dunia nzima, halafu mshairi wa Kilwa halijui. Aibu hiyo ya nani?

Tuache misitu, turudi mitaani. Toka nje sasa hivi hapo ulipo, iwe Masoko, Kivinje, Mtama au Temeke. Angalia pembeni mwa ukuta, kwenye mchanga, penye kifusi. Utaona mmea mfupi wenye majani yanayong'aa, na ua la petali tano, pinki au jeupe, mara nyingi lina jicho jekundu katikati. Jua la saa nane linalichoma, upepo wa bahari unalipiga, wala halijali. Linachanua karibu mwaka mzima. Asili yake ni Madagaska, ng'ambo ya maji tu hapo. Kitaalamu ni Catharanthus roseus. Wauza miche huliita vinka. Ninyi mnaliitaje? Nimeshasikia mara nyingi: "yale maua ya pinki". Hilo ndilo jina mlilolipa, ninyi mafundi wa lugha!

Basi mjue mnachokipita kila siku. Kutokana na mmea huo, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wanasayansi wa Kanada na Marekani walipata dawa mbili, vinblastini na vinkristini, ambazo mpaka leo hospitali zinazitumia kutibu saratani, ikiwemo saratani ya damu ya watoto. Na mtu asije akachemsha majani akanywa: mmea wote una sumu, na dawa hiyo hutolewa na daktari kwa vipimo. Ua lililosaidia watoto wa watu kuishi limesimama mlangoni kwako limejaa vumbi la bodaboda, wewe umeinama unaandika tulipu.

Wenzetu hawakuyapita maua ya kwetu namna hiyo. Karne ya 19, wakati pwani ya Kilwa iko chini ya Sultani wa Zanzibar, mwakilishi wa Uingereza Unguja alikuwa John Kirk, daktari mwenye mapenzi makubwa na mimea. Huyu alipeleka Kew, London, ua moja la Afrika Mashariki, la kudumu, linalopenda kivuli, mashina yake yamejaa maji. Mwaka 1882 Joseph Hooker, mkuu wa bustani ile, akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani. Baadaye ikaonekana ni ua lilelile ambalo Hooker huyohuyo alikwisha kulipa jina mwaka 1868, Impatiens walleriana, kwa heshima ya mmishonari Horace Waller. Ua moja limepewa majina ya wanaume wawili wakubwa! Wanawake waliolipita kila siku wakienda kuteka maji, majina yao hayakufika Kew.

Leo ua hilo ni miongoni mwa maua yanayouzwa sana duniani kwa bustani za nyumbani. Kampuni za mbegu zimelichanganya likatoka kwa rangi chungu nzima, na mbegu zake nyingi ni chotara wa kizazi cha kwanza, zile zinazoandikwa F1. Ukivuna mbegu za chotara ukazisia, watoto hawafanani na mama. Ukitaka rangi ileile, rudi dukani na pesa. Pakiti ya namna hiyo niliinunua Kariakoo, duka silitaji. Picha nzuri, maandishi ya Kizungu, tarehe ya mwisho imepita miaka miwili, na pakiti zimening'inizwa juani kama vitenge. Haikuota hata mbegu moja. Ua la Afrika Mashariki limesafiri mpaka Ulaya, likavishwa karatasi ya rangi, likafa njiani likirudi kwao, na mimi ndiye niliyelipa nauli.

Huko Tanga nako ni hadithi hiyohiyo. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta kimmea kidogo cha kudumu, majani yake yana manyoya laini, ua la zambarau. Akakipeleka Ujerumani kwa baba yake. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hanover, akakiita Saintpaulia, jina la familia ya baron. Mwaka 1926 shamba moja la maua Los Angeles likaagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, likazisia, likachagua aina 10 zilizopendeza. Kutoka hapo kimmea cha Tanga kikatapakaa kwenye madirisha ya Marekani yote. Kuna watu kule wana vyama vya ua hilo, wanafanya maonyesho, wanatoa zawadi. Sisi wenye nchi tukiliona dukani tunadhani ni la Ulaya.

Hapo najua wengi mmeshaanza kupandisha: "Wakoloni walituibia!" Haya, tuongee hayo kama watu wa Lindi, maana habari ya kuchukuliwa vitu tunaijua. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru. Wapagazi wa huku wakaibeba mabegani na vichwani mpaka bandari ya Lindi. Leo mifupa hiyo imesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na watoto wa Berlin wanalipa kiingilio kuitazama. Tunaidai, na haki ya kuidai tunayo.

Lakini mfupa ukichukuliwa, shimo linabaki tupu. Mbegu ikichukuliwa, mama yake anabaki, na msimu ukifika anazaa tena. Kwa habari ya mbegu hakuna serikali ya kuiandikia barua wala makumbusho ya kuyapeleka mahakamani. Mbegu iko hapo, inakungoja uiname. Itaondoka kweli siku msitu utakapofyekwa, na hilo halihitaji Mjerumani, tunaliweza wenyewe. Kwenye uwanda wa Rondo, ndani ya mkoa wetu huuhuu, kuna mimea ambayo haioti mahali pengine popote duniani. Ni kijana gani wa Lindi ameshaandika beti tatu juu ya Rondo? Waridi lina beti elfu.

Sasa niwaambie kwa nini nina uchungu. Bibi yangu mzaa mama aliishi Kivinje. Ua wa nyumba yake ulikuwa umejaa makopo, vyungu vilivyopasuka, vifuu, na kila kitu kimeota kitu. Mbegu alizihifadhi kwenye kitambaa kimoja cheupe, kila aina kwenye fundo lake, mafundo kumi na kitu. Kusoma hakujua, lakini kwa vidole alijua fundo lipi ni la nini na linasiwa lini. Mimi niko darasa la sita, bweni, ndipo akafariki. Warithi wakagawana vyombo, kanga, kitanda cha kamba, na wakagawana vizuri tu, bila ugomvi. Kitambaa cha mafundo kikatupwa jaani, maana hakuna aliyejua ni cha nini. Baadaye ua ule ukapigwa zege ili pikipiki isizame kwenye tope. Kiswahili kina ua wa nyumba, kina ua la kunusa, na kina amri ya kuua. Pale Kivinje vyote vitatu vilikutana: ua umeua maua.

Majina yale ya bibi yalikuwa maneno, waandishi! Kwa kila fundo palikuwa na neno, na kwa kila neno palikuwa na msimu, harufu, ugonjwa unaotibiwa, wimbo wa harusi. Ninyi mnashinda mnalalamika kwamba Kiswahili hakina msamiati. Kinao. Mnautupa jaani halafu mnakwenda kuazima tulipu.

Nenda sasa kwenye sherehe zetu. Mwaka jana niliitwa kwenye uzinduzi wa diwani moja, mji siutaji, mwandishi simtaji, na mashairi yenyewe mengine yalikuwa mazuri. Jina la diwani lilikuwa na neno waridi, ilikuwa lazima. Mezani palikuwa na chombo cha maua ya plastiki, bei bado imebandikwa chini ya chombo, na petali moja imeshikwa na gundi ya ziada. Mgeni rasmi akasimama akasifu "harufu ya mashairi haya". Watu wakapiga makofi. Na nje ya ukumbi, hatua tatu kutoka mlangoni, vinka zilikuwa zimechanua kwenye kifusi, hakuna aliyechuma hata moja. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba ua la plastiki na shairi la waridi la kuazima ni ndugu wa tumbo moja. Havifi, kwa sababu havijawahi kuwa hai.

Haya, zamu yenu ya kulalamika imefika. Nawasikia.

Wa kwanza: "Kaka, watu wana njaa, maua hayaliwi." Nani kakuambia? Mkoa wetu unaishi kwa korosho na ufuta. Kabla korosho haijawa korosho ilikuwa ua. Ufuta nao ulikuwa ua. Kuna mdudu aliyelitembelea ua lile, na mdudu huyo anakula mwaka mzima, hali msimu mmoja tu kama mnunuzi wa korosho. Mikorosho ikishapukutisha maua, nyuki anaishi kwa yale yanayobaki yakichanua mitaani na vichakani. Anayeotesha ua la kudumu anamlisha kibarua wa shamba la mjomba wake. Halafu hao wenye njaa mnaowasemea ndio hao hao bibi zetu, na wao walikuwa na maua kwenye makopo. Mwenye njaa hajawahi kuwatuma mkatae uzuri kwa niaba yake.

Wa pili: "Mimi nimepanga chumba kimoja, sina nafasi." Kopo la rangi lina nafasi gani? Kifuu je? Chupa ya maji iliyokatwa nusu, ikatobolewa chini, inatosha dirishani. Viriba vya miche vinauzwa bei ya karanga. Udongo changanya na mchanga na samadi iliyooza sawasawa, basi.

Wa tatu anasema kwa sauti ya chini, anaona haya: "Kaka, maua ni mambo ya kike." Kirk alikuwa na ndevu. Hooker alikuwa nazo. Yule baron alikuwa askari na mtawala. Huko Naivasha na Arusha wanaume wazima wanakata maua usiku na mchana yawahi ndege ya Ulaya, na mishahara wanapokea. Ni wewe tu uliyeambiwa kwamba mwanamume akishika ua lazima awe analipeleka kwa msichana. Na kama ni mambo ya kike, basi mama zetu ndio walimu, nenda kajifunze kwa adabu.

Wa nne ndiye mjanja: "Kwa nini mbegu? Si nichomeke tawi tu, au ninunue mche barabarani?" Huyu nimemngoja. Tawi ni zuri, na asumini hupandwa hivyo, maana mbegu haitoi kirahisi; waridi nalo hivyohivyo. Sina ugomvi na tawi. Lakini tawi likishika linatoa ua lilelile la mama yake, nukta kwa nukta, halina jipya la kusema. Mbegu ni mtoto. Sia mbegu za vinka ya pinki iliyosimama jirani na nyeupe, uone zitakazotoka: nyingine ya pinki, nyingine nyeupe, nyingine rangi ambayo hukuitegemea. Fasihi yetu ya vijana imejaa matawi ya kuchomeka. Mmoja kakata tawi kwa mshairi maarufu, mwingine kakata kwa huyo aliyekata, na wote mnachanua sawasawa mwezi mmoja. Ninachokitafuta kwenye madaftari yenu ni mbegu. Hata ikitoka dhaifu, hata ikitoka imepinda, iwe haijawahi kuonekana.

Na ili msiseme kaka anapiga domo tu, kazi yenyewe hii hapa.

Vinka: angalia maganda membamba yaliyosimama penye ua lililoanguka. Yakianza kugeuka rangi ya majani makavu, chuma kabla hayajapasuka. Ndani mna mbegu nyeusi, ndogo kama punje za baruti. Zisie kwenye udongo wa mchanga na uzifunike kidogo, nusu ya upana wa kidole, kwa sababu zinapenda giza. Nyunyiza maji, usimwage. Kati ya wiki moja na tatu zitachomoza. Zikishapata jozi mbili au tatu za majani halisi, hamishia kila mmoja kwenye kopo lake, uupeleke juani. Miezi mitatu hivi utaona ua. Kinachoua vinka ni huruma: ukiimwagilia kila unapoikumbuka, shina litaoza.

Sultani, ndivyo ninavyoliita mimi lile ua la Kirk, linataka kinyume chake. Ganda lake likikomaa ukiligusa tu linalipuka na kurusha mbegu, ndiyo maana Wazungu walilipa jina la Kilatini lenye maana ya kukosa subira. Likinge kwa kiganja. Mbegu zake ni laini kama vumbi. Zitawanye juu ya udongo uliolowa wala usizifunike, maana hizi zinataka mwanga. Juu weka chupa iliyokatwa, zisikauke. Kaa nazo kivulini, barazani au chini ya mwembe. Jua la Lindi litazikaanga. Wiki mbili au tatu, zimetoka. Tahadhari na kinyausi, ule ugonjwa wa miche kukatika shingo: usisonganishe mbegu, na upepo upite.

Kuna na lile la bluu la jamii ya kunde, linalopanda kwenye nyua na vichaka, ua lake kama kombe dogo la bluu iliyokolea. Jina lake la kitaalamu litafuteni wenyewe, wanafunzi wa baiolojia watacheka. Mbegu zake ni ngumu. Zikwaruze kidogo kwenye msasa au sakafu ya saruji, ziloweke usiku mmoja, asubuhi sia. Hili ni la wasio na subira, kwa wiki moja au mbili limeshachomoza.

Wenye subira ya kweli watafute gloriosa, lile la kupanda lenye petali zilizopinda juu kama ndimi za moto, jekundu kwa njano, linalotoka vichakani wakati wa mvua na kurudi kulala ardhini kiangazi. Mbegu zake nyekundu huchukua miezi kuota, na ua huja baada ya miaka. Ni sumu kali kuanzia kiazi mpaka mbegu, mwenye watoto wadogo aliache. Kule Tamil Nadu, India, ndilo ua rasmi la jimbo, na wakulima wanalilima kwa ajili ya mbegu zinazotengenezewa dawa. Sisi tunalifyeka pamoja na magugu.

Maji yaangalieni. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na mche mchanga hauipendi. Kinga ya mvua, hata ndoo moja, inatosha makopo matano kwa siku nyingi. Na sieni mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, mche upate miezi ya kunywa kabla ya kiangazi cha Juni.

Kitu kingine: daftari. Siku uliyosia, iandike. Siku iliyochomoza, iandike. Siku ambayo hakuna kilichotokea, iandike pia, uone kama una maneno ya kuielezea siku ambayo udongo umekaa kimya. Hapo ndipo uandishi unapoanzia. Mwenye daftari la theluji angejaribu hilo kwa wiki mbili tu, angejua kwamba kungoja kuna sura nyingi kuliko mapenzi. Kisha mpelekee bibi yeyote wa mtaani mche wako, umsalimie vizuri, umwulize: "Bibi, hili mnaliitaje?" Atakalokujibu ni lako na la lugha yote. Liandike kabla ya warithi kugawana kitanda.

Tunajua Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331; tumekaririshwa shuleni. Tunajua magofu ya Kilwa Kisiwani yaliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mawe yetu tunayajua tarehe zake. Kilicho hai mlangoni hatujui hata jina lake. Taifa la namna hiyo litakuwa na waongozaji wengi wa watalii na washairi wachache.

Basi mimi nimemaliza. Anayeona nimemkosea heshima, kurasa hizi ni za vijana wote, anijibu toleo lijalo, hata kwa matusi, mradi yawe na vina. Ila asije na waridi. Aje na mche, na aniambie unaitwaje.